Murwaza Anayejua

Kituo cha afya cha karibu kilikuwa Remera. Ungeweza kwenda na kurudi chai yako ikiwa bado ya moto. Mimi nilikwenda Kicukiro. Nilishuka bondeni, nikapanda upande wa pili nikipumzika kila penye kivuli, tumbo mbele, kwa sababu tu Kicukiro hapakuwa na mtu aliyewahi kunywa chai yangu. Gisimenti nilikuwa nauza chai na chapati asubuhi, kwa wale wanaokuja kufungua baa na wale wanaotoka kuzifunga, na yeyote kati yao angeniuliza: Mama Chapati, unaumwa nini hata ukae benchi la masista? Sikuwa na jibu la kumpa mtu anayenijua.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Siandiki majina. Wengine katika hawa sikuwaona tena baada ya Aprili ya mwaka wa tisini na nne, na mtu asiyeweza kujibu inakubidi umseme kwa haki.

Mimi si msomi. Shule niliishia darasa la sita, na Kiswahili hiki nilifundishwa kukiandika na mama yangu, mzaliwa wa Bujumbura, kwa kunakili maneno pembeni mwa magazeti ya zamani. Huandika kidogo kila jioni, na kesho yake nikisoma naona nimejipendelea, nafuta. Haya nimeyafuta mara nyingi. Mengi yalisemwa kwa Kinyarwanda, kwa hiyo kama kuna mtu hapa anasikika mkali kuliko alivyokuwa, huenda ni mimi niliyemgeuza vibaya.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Vita vilipoanza kaskazini, barabara ya Uganda ilifungwa, malori yakawa yanazungukia Tanzania, na safari ikawa ndefu hata mimba aliyoniachia ikakua bila yeye kuliona tumbo. Simlaumu. Wenzake walikuwa na wake pia, na wake hao hawakufanya nilichofanya.

Vidonge vilianza ile Oktoba ya kwanza ya vita, baada ya ule usiku wa risasi mjini. Nilikuwa nimejilaza chini ya kitanda hadi kukucha, na tangu hapo usingizi ukanikimbia. Jirani mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa alinipa vidonge vyeupe vya usingizi, akavifunga katika kipande cha gazeti. Alinipa kwa huruma, na sitaki mtu asome hapa amtukane. Tena niseme na hili: wengi walisikia risasi zilezile wakalala bila kidonge. Basi kimoja kikawa hakitoshi. Nikaanza kumeza na mchana. Halafu nikawa nasukumia na kanyanga, ile pombe kali ya magendo iliyokuwa ikipita Gisimenti ndani ya chupa za soda, kwa sababu kidonge kikikutana na kanyanga kinafika upesi.

Nilipojua nina mimba nilijaribu kuacha peke yangu. Asubuhi ile mikono ilitetemeka hata nikabandika kiganja juu ya kikaango badala ya chapati. Mchana nilikuwa nimeshavirudia. Kovu bado lipo. Watu hufikiri ni la kazi, nami huwaacha wafikiri.

Mkunga wa Kicukiro alikuwa mtawa. Sote tulimwita Masera. Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu anayelima, na siku ile ya kwanza alinikuta nimesinzia benchini, mdomo wazi, nimemlalia mwanamke nisiyemjua. Alinilaza kitandani, akaweka ile pembe ya mti ya kusikilizia juu ya tumbo langu na sikio lake juu ya pembe, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mtoto wako amelala," akasema. "Amelala kama wewe."

Halafu akainama karibu na uso wangu, akanusa.

"Unamlisha nini huyu?"

"Ni malaria, Masera."

"Malaria hainuki!"

Mlango ulikuwa wazi. Nje benchi zima lilisikia, mtu mmoja akacheka kwa pua. Nataka kuwa mkweli juu ya Masera: alinipazia sauti mara hiyo moja tu, na alipoona mlango uko wazi alikwenda kuufunga mwenyewe, akarudi akiwa amekunja uso kama mtu aliyejikanyaga. Lakini siwezi kuandika kwamba sikusikia kile kicheko. Mpaka leo nikikaa benchi lolote, la kanisa au la benki, nakaa wima.

Akaniambia nimwoneshe. Nikafungua fundo la kitenge, nikatoa kile kigazeti. Nilidhani atavimwaga chooni. Hakuvimwaga. Alivitazama, akavitia mfukoni mwake.

"Ukiacha vyote leo, utaanguka kifafa, na yeye ndani ataanguka nawe. Vimeshakuwa chakula chenu wote wawili. Kilima hakishukwi kwa kuruka, mama. Tutazungukazunguka."

"Na kanyanga?"

"Kanyanga haina kuzunguka. Hiyo umeinywa mwisho."

Tangu siku hiyo sikukaa tena benchini. Aliniambia niwe nakuja mlango wa jikoni, kila siku nikimaliza kuuza. Hapo alikuwa ananipa kikombe cha uji, anachukua wembe, anakata kidonge juu ya kisahani, ananipa kipande, anasubiri nimeze. Vipande vilikuwa vinapungua. Nilikuwa natoka jasho, nalia bila sababu, naona sisimizi ambao hawapo wakipanda ukutani. Siku nyingine nilikuja nimekunywa, nimetafuna tangawizi ili pumzi isisikike. Masera alinipa uji tu. Kesho yake ndipo aliposema, mgongo akiwa amenipa, anakuna sufuria: "Jana ulikuja na tangawizi." Nilitamani apaze sauti. Hakupaza.

Sasa lazima nieleze habari ya murwaza, maana ndiyo kisa chote. Kwetu mtu halali hospitali peke yake. Anakuja na murwaza, mtu wa kumuuguza: wa kumpikia, kumfulia, kulala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Hospitali inatoa kitanda na dawa. Chakula na maji ya moto ni vya murwaza. Asiye naye hali, na zaidi ya njaa ni aibu, maana wodi nzima inajua kwamba huyu hana mtu. Mimba ilipokaribia kukomaa, Masera akaniuliza nani atakuja nami.

"Nitapata mtu."

"Sitaki mtu wa kupika tu," akasema. "Nataka murwaza anayejua. Utakapozaa bado utakuwa unameza vipande, na mtoto atakuwa anavitafuta pamoja nawe. Ukirudi kwenye chumba chako peke yako, na risasi hizi na wasiwasi huu, utakwenda kununua. Si kwa sababu wewe ni mbaya. Utakwenda tu. Kwa hiyo atokee mtu wa nyumba yenu, ajue kila kitu, avishike yeye. Asipokuwepo, mtoto atabaki kwa masista wanaolea yatima mpaka wewe upone."

"Mtoto wangu si yatima."

"Ndiyo maana nakuambia mapema."

Mtu wa nyumba yetu alikuwa mmoja: mama wa mume wangu, ambaye nilimwita Mabukwe, kama inavyopasa kwa Kinyarwanda. Aliishi Kibagabaga, wakati huo kilikuwa kilima cha mashamba, migomba na mtama. Alikuwa mjane, mwembamba, mtu wa maneno machache ambayo hayarudiwi. Hakuwahi kunitendea vibaya. Hakuwahi pia kusema kwamba ananipenda. Alisema mwanawe angeweza kuoa mbali zaidi akapata mbaya zaidi, na nadhani hiyo ilikuwa sifa.

Nilipanda kwake kwenda kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikamkuta uani, amepiga magoti, anageuza mtama uliochipua juu ya mkeka. Mtama ukichipua hivyo, unakaushwa, unasagwa, unatoka ikigage, pombe ya mtama, ambayo watu humpelekea mzazi ili maziwa yashuke.

"Mukazana," aliniita, yaani mke wa mwanangu. "Macho yako yana nini? Unakula udongo?"

"Hapana, Mabukwe."

"Kula tu, wote tulikula." Akachota mtama kwa viganja viwili, akanionesha mizizi yake myeupe. "Huu ni wa maziwa yako. Nimeutia maji mimi mwenyewe, sikumwachia mtu."

Hapo nilipaswa kusema. Mlango ulikuwa huo, umefunguliwa mbele yangu. Nikasema mtama umechipua vizuri. Tukaugeuza pamoja hadi jua likapungua, akanipa ndizi za kupika, nikashuka nazo kichwani. Nilijua kabisa ile pombe itakwenda wapi, na nilisaidia kuikausha.

Uchungu ulipokuja nilikwenda Kicukiro na mwenzangu wa chapati, mwanamke mcheshi, mwema, asiyejua lolote. Nilimwambia Masera, "Huyu ndiye murwaza wangu. Anajua."

Masera akamgeukia. "Unajua nini?"

"Najua kupika," mwenzangu akajibu kwa furaha. "Chapati, maharage, hata pilau nikipata mchele."

Masera alinitazama. Hakumwambia kitu yule mwanamke, na kwa hilo namshukuru, ingawa wakati ule kutazamwa vile kulinichoma kuliko uchungu.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume, mzito kuliko nilivyostahili. Mwanzoni alikuwa kimya, amelegea kama nguo iliyolowa, hata kunyonya anasahau katikati. Wazee wa wodi wakasema mtoto mpole huyo, Mungu amekupa. Halafu kutetemeka kukaanza. Kidevu kwanza, kisha mikono, kisha ule mlio: si kilio cha mtoto, ni sauti nyembamba kama ya paka aliyebanwa na mlango. Ukimgusa anaruka. Mwanga ukimpiga anaruka.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mwanamke mnene wa Bukavu, mke wa mfanyabiashara, aliyezaa mapacha na aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu. Aliinuka kwa kiwiko akamtazama mwanangu.

"Mama, mutoto yako iko natetemeka sana. Iko na baridi ao iko na hasira?"

Wodi ikacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao ili waone sina la kuficha.

"Ni hasira," nikasema. "Amemfuata baba yake."

"Basi baba iko mutu ya hatari!"

Masera akaja, akamfunga mwanangu kwa kitambaa, mikono ndani, kama furushi. Akatusogeza pembeni, akatundika shuka ili mwanga usimpige. Alinifundisha kukamua maziwa kwenye kikombe na kumnywesha kwa kijiko, tone moja moja, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa hautulii. Alifanya hayo yote bila kunilaumu hata mara moja. Ila nyuma ya lile shuka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ameshazungumza na wale masista wa yatima, na kwamba watakuja baada ya Jumapili. "Wanamtunza vizuri mtoto," akasema. "Sikutishi. Nakuambia tu kilichopo."

Mwanangu alikuwa amelala kifuani pangu wakati huo, anatetemeka usingizini, na niliona wazi anachotafuta. Alikuwa anatafuta kile kipande. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Jumapili, saa za wageni, Mabukwe aliwasili. Aliteremka kutoka Kibagabaga kwa miguu na wanawake wa kilima chake, wamevaa mashuka yao ya kanisani yaliyofungwa begani, na kibuyu cha ikigage kimebebwa kichwani kama mtu anavyobeba kitu cha heshima, mkono haukishiki. Pombe ilikuwa imekatazwa pale, lakini mlinzi wa lango naye alikuwa na mama. Walikaa kwenye majani mbele ya veranda, nami nikatoka na mtoto aliyefungwa, nikakaa kwenye mkeka katikati yao. Barwaza, wale wanaouguza wagonjwa wengine, wakasogea. Pombe haina mlango. Yule mwanamke wa mapacha akajikokota naye akakaa ngazini.

Mabukwe alimpokea mjukuu wake, akamtazama akitetemeka. Akamrudisha mapajani pangu. Halafu akafungua kibuyu, akatia mrija, akavuta yeye kwanza.

Hilo nalo nieleze, kwa msomaji wa mbali. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza ili mgeni aone haina sumu. Kisha anakupa mrija uleule. Ukishaonjewa ukakataa, hujakataa pombe. Umesema neno juu ya mwenye pombe, tena mbele ya watu, na katika miaka ile watu walikuwa wanasubiri maneno.

Akanielekezea mrija. "Kunywa, mukazana. Maziwa yashuke."

Harufu ilinifikia kabla ya mrija. Sitasema uongo: mwili wangu wote uliinama mbele. Ikigage si kanyanga, ni pombe ya bibi harusi na ya wazee, lakini mimi nilijijua. Ningevuta mara moja kwa heshima, na mara ya pili kwa kiu, na kabla wageni hawajaondoka ningekuwa natafuta njia ya Gisimenti. Masera alikuwa amesimama verandani na beseni la nguo. Hakusogea.

"Siwezi, Mabukwe."

Mrija ulibaki hewani.

"Huwezi nini?"

"Siwezi kunywa."

Mwanamke mmoja wa Kibagabaga akamwambia mwenzake, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika: "Nimemwona mama mkwe wake akivuta kwanza. Au naye si mtu?" Mwingine akajibu: "Mke wa mjini. Anafikiri kwetu tunapika sumu." Yule wa mapacha, kwa mara ya kwanza, hakuwa na mzaha.

Mabukwe uso wake haukubadilika, wala hakuushusha mrija. Kwenye mapaja yangu mtoto anatetemeka. Hapo Masera akasema kutoka verandani, "Dawa anazomeza haziendi na pombe, Mama. Mimi ndiye niliyemkataza."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa mlango wa kutokea. Wanawake wakalegea. Mabukwe akageuza kichwa.

"Dawa gani?"

Masera alinitazama mimi. Nimefikiri sana juu ya mtazamo ule. Nimewahi kuuona kama ukatili, na miaka mingine kama heshima. Sasa sijui. Labda alikuwa amechoka tu, ana beseni zito.

Nikasema. Sikuwa na maneno yale niliyopanga njia ya Kibagabaga, nilikuwa na mengine mabaya. Nilisema nameza vidonge vya usingizi tangu vita vianze. Nilisema nilikuwa nasukumia na kanyanga, na mimba ikiwa tumboni. Nilisema mtoto hana baridi wala hasira wala hajarogwa, anatetemeka kwa sababu yangu, na kwamba asipopatikana mtu wa kushika vile vidonge watamchukua. Niliyasema yote nikitazama kibuyu, kwa sababu kibuyu hakina macho.

Hakuna aliyecheka kwa pua. Ningependelea wangecheka.

Mabukwe alirudisha mrija mdomoni mwake. Alikunywa. Akampa jirani yake, naye akanywa, mrija ukazunguka duara lote, ukanipita mimi kama mto unavyopita jiwe, mpaka kibuyu kikaisha. Muda wote huo walizungumza habari za mvua. Kibuyu kilipokuwa kitupu, akawaambia wenzake, "Nendeni, msije mkachelewa." Wakainuka. Yeye hakuinuka.

Walipokwisha kuondoka, Masera alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Mama, unajua sasa?"

"Najua," Mabukwe akasema. "Ningependa nisijue, lakini najua."

"Utavishika?"

Akanyoosha kiganja. Masera akatia mkono mfukoni, akatoa vile vipande vilivyobaki, akampa na wembe. Mabukwe akavifunga katika pindo la kitenge chake, akakaza fundo kwa meno.

Alikaa nami wodini, chini ya kitanda changu, mwanamke mwenye shamba lake na nyumba yake, kwenye mkeka wa kuazima. Mwenzangu wa chapati alirudi kwenye biashara. Alipika vizuri kweli, sikumdharau. Mabukwe hakunisemesha ila kwa kazi. Kamua. Mpe. Mfunge. Jioni alikuwa ananiamuru nikae kitandani, anafungua fundo, anakata, ananiwekea kipande juu ya ulimi kwa kidole chake mwenyewe, anasubiri. Kisha:

"Fungua mdomo."

Nafungua.

"Inua ulimi."

Nainua. Anachungulia kila upande kama mtu anayemnunua mbuzi. Wodi nzima inaona. Mwanamke wa mapacha alikuwa anageuza uso ukutani wakati huo, na hilo sitalisahau. Mtu mwenye mdomo ule, aligeuza uso.

Wale masista wa yatima walikuja, wakazungumza na Masera, wakamtazama Mabukwe amelala chini ya kitanda changu amekumbatia pindo la kitenge chake, wakaondoka. Mtoto alipoanza kunyonya bila kijiko, Masera alituruhusu kutoka. Hatukurudi Gisimenti. Tulipanda Kibagabaga, Mabukwe mbele na mtoto mgongoni mwake, mimi nyuma na sufuria.

Siku ya nane tangu kuzaliwa, ambayo kwetu ni siku ya kutoa jina, watoto wa jirani walikuja kula. Baba mtu alikuwa bado barabarani, na jina la kweli lingemsubiri, lakini siku ya nane haisubiri mtu. Mabukwe aliweka maharage na mboga kwenye ungo mpana, watoto wakauzunguka, wakala kwa mikono kama desturi ilivyo, na baada ya kula kila mmoja hutaja jina analompa mtoto. Wakubwa husikiliza, hucheka, husema haya. Mtoto wa kwanza alitoa jina la askofu. Wa pili alitoa jina la mchezaji mpira. Wa tatu alikuwa kisichana kidogo, meno ya mbele hayapo, mdomo umejaa mchuzi, na alilisema kwa sauti safi, akijivuna kwamba amekumbuka:

"Kidonge!"

Mama yake alikuwa mmoja wa wale walioketi kwenye majani Kicukiro. Alifunika uso kwa shuka. Kumbe ndivyo nilivyokuwa nikiitwa kila nyumba ya kile kilima, na wala sikuweza kusema wamenionea. Nilimtazama mwanangu mapajani pangu. Alikuwa ametulia siku hiyo, kidevu tu kikicheza mara moja moja.

Mabukwe alikuwa ameshika kata ya maji ya kuwanawisha. Alikitazama kile kisichana kama alivyokuwa amewatazama wengine, wala zaidi wala pungufu.

"Haya," akasema. "Mwingine."

Wa nne akataja jina la babu yake, wa tano akaona haya akakimbia, na watu wakapata la kuchekea.

Jioni, jua likiwa bado kwenye migomba, Mabukwe alinyoosha miguu kwenye mkeka akafungua fundo. Kipande kilikuwa kimekuwa kidogo kama punje ya mtama. Watoto wawili walikuwa hawajaenda kwao, wanalamba vidole, na mmoja wao ni kile kisichana. Walisogea kuona.

"Fungua mdomo," Mabukwe akasema.

Nilitaka kumwomba awafukuze kwanza. Nikamtazama mwanangu, nikafungua.